Umeme tuli unapounga kompyuta nyumbani: mkanda wa mkono ni lazima au tunatishana?

Skrubu Tatu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi uliopita nimeunga dekstopu yangu ya kwanza. Vifaa vyote vipya. Nilikaa chini sebuleni juu ya zulia, kiyoyozi kinavuma, nimevaa sweta la nailoni. Prosesa nikaifunga, feni yake nikaifunga, kijiti cha kwanza cha RAM (kumbukumbu ya muda) kikaingia. Nimeshika cha pili mkono wa kushoto, wa kulia ukagusa kesi (boksi la chuma la kompyuta), nikasikia "tap!" kwenye ncha ya kidole. Cheche niliiona kwa macho yangu. Mashine ikawaka, nikashukuru Mungu, nikasahau.

Wiki ya tatu vituko vikaanza. Inazima yenyewe katikati ya gemu. Asubuhi nyingine inawaka ikisoma GB 8 badala ya 16. Nikiiacha saa moja nikiwasha tena inasoma zote.

Fundi mmoja kaniambia RAM nimeiua mwenyewe kwa umeme wa mwili, kosa langu ni kutovaa mkanda wa mkono, ule wa kuondoa umeme huo mwilini. Wa pili kacheka, kasema hizo ni hadithi za kuuzia mikanda. Sasa nishike lipi? Wajuvi nisaidieni, maana nataka kuiungia na dada yangu mashine na sitaki kurudia.

Kipepeo77

Huyo wa pili ndiye anayesema kweli. Nimeunga mashine tangu enzi za diski za IDE, zimeshapita ishirini, na mkanda sijawahi kuugusa. Nagusa kesi, naendelea na kazi. Hakuna hata moja iliyokufa.

Fungua Kesi

Naweka kambi hapa.

Mzee wa Mita

Kipepeo, hujadanganya, ila ulichosema "nagusa kesi" ndiyo kinga yenyewe. Umekuwa ukijikinga miaka yote bila kujua. Ngoja nieleze, nimekaa karakana ya elektroniki muda mrefu kidogo.

Umeme tuli ni chaji inayobaki juu ya kitu baada ya vitu viwili kugusana na kuachana: soli na zulia, sweta na kiti, selotepu na karatasi yake. Mwili wako unaibeba bila wewe kuhisi lolote. Mtu huanza kuhisi ile "tap" volti zinapofika kama 3,000. Chini ya hapo unaweza kumwaga volti 500 au 1,500 juu ya kifaa na usijue. Kwa hiyo hoja ya "mbona sikuhisi kitu" haina uzito. Na wewe mleta uzi, kwa kuwa uliona cheche, ulikuwa zaidi ya hapo.

Hewa ndiyo inayoamua mengi. Kuna jedwali la zamani ambalo watu wa fani hii wamelirudia mpaka limechakaa: kutembea juu ya zulia kwenye hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20 kunaweza kukupa volti 35,000, kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90, zulia lilelile linakupa 1,500. Mtu aliyekaa tu anafanya kazi mezani: 6,000 kwenye ukavu, 100 kwenye unyevu. Ndiyo maana mmoja anaapa hajawahi kuona cheche na mwingine kila akishika kitasa cha mlango anaruka. Kila mmoja anasema kweli ya chumba chake. Kiyoyozi na hita vyote hukausha hewa ya ndani, na hapo ndipo mleta uzi alipokuwa.

Kipepeo77

Sawa mzee, lakini volti 35,000 si ingeniua? Umeme wa ukutani ni 230 tu na unaua.

Mzee wa Mita

Swali zuri. Volti ni kubwa ila akiba ni ndogo mno. Viwanda vya chipu, vinapopima kifaa kitastahimili vipi mguso wa mtu, humchukulia mtu kuwa kapasita (kihifadhi chaji) ya pikofaradi 100 inayomwaga chaji kupitia rezista (kipunguza mkondo) ya omu 1,500. Piga hesabu kwa volti 3,000: mkondo wa kilele ni ampea 2, lakini unaisha ndani ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nishati yote haifiki hata nusu ya milijuli. Mwilini ni kama kuumwa na sisimizi.

Transista, ile swichi ndogo mno iliyo ndani ya chipu, ni habari nyingine. Lango lake limetengwa na utando wenye unene wa nanomita chache. Unywele wako ni makumi elfu ya nanomita. Utando huo hauhitaji volti elfu kutoboka, volti chache tu zikiufikia moja kwa moja zinatosha. Kinachouokoa ni kwamba watengenezaji huweka dayodi za ulinzi kwenye miguu ya chipu, ili chaji ikwepeshwe kabla haijafika ndani. Chipu nyingi hutengenezwa zistahimili volti 1,000 au 2,000 za kipimo kile nilichotaja. Na ikishafungwa kwenye bodi kuu (mazabodi), ikazungukwa na kapasita na tabaka pana za shaba, inakuwa ngumu zaidi kuidhuru kuliko ikiwa peke yake.

Kwa hiyo Kipepeo, bahati yako ina sababu zake. Ila kinga ina kikomo, na volti za zulia kavu zinakipita mbali.

Nusu Volti

Na ile habari ya "kujeruhiwa", kwamba kifaa kinafanya kazi leo halafu kinakufa baada ya miezi, ni kweli au?

Mzee wa Mita

Ni kweli kwamba inatokea: utando unaharibika nusu, kifaa kinaendelea kikiwa dhaifu. Shida yake ni kwamba nyumbani huwezi kuithibitisha. Ili uone jeraha lazima chipu ifunguliwe na kuangaliwa kwa hadubini ya maabara. Ndiyo maana neno hili limekuwa kichaka cha kujifichia: kila kifaa kikifa bila sababu, fundi anasema "umeme tuli". Nikija kwa mleta uzi, mimi sikubali haraka hivyo. Cheche ilitoka kidole cha kulia kwenda kwenye kesi. Kijiti kilikuwa mkono wa kushoto, kimechajika sawa na mwili wako, na sehemu kubwa ya mkondo haikuwa na sababu ya kukipitia. Kama ungegusa kesi kwa meno ya dhahabu ya kile kijiti (vile vibati vinavyoingia kwenye sloti), hapo ningekuombea dua.

Kabla ya kuitupa RAM, ipime. Kijiti kimoja kimoja, kwenye sloti ileile, kwa programu ya kupima kumbukumbu inayowaka kutoka kwenye flashi. Kisha rudia kwenye sloti nyingine. Andika matokeo, usikariri kichwani.

Skrubu Tatu

Nitafanya wikendi hii mzee wangu. Ila nimeshanunua mkanda, ule usio na waya, unavaa kama saa tu. Unafaa?

Mzee wa Mita

Huo mpe mtoto achezee. Chaji lazima iwe na njia ya kupita kwenda kwenye kitu kingine. Mkanda usio na waya unaipeleka wapi?

Dada Bisibisi

😂😂 Mkuu pole. Na mimi niliwahi kuununua.

Wenye waya ndio wenyewe, lakini nao ukiubana vibaya ni kazi bure. Mimi nilibana klipu kwenye ukingo wa kesi mwaka mzima, najiona mtaalamu. Siku moja nikapima kwa multimita: hakuna kinachopita. Kesi imepakwa rangi na rangi haipitishi umeme! Siku hizi nabana kwenye chuma kitupu: skrubu ya nyuma, au vile vibati vya sloti za kadi ambavyo havijapakwa rangi, au wavu wa pawa saplai kama ni chuma cheupe.

Nusu Volti

Mimi nina njia ya bure. Chukua waya wa shaba, zungusha kifundoni, ncha ya pili ingiza kwenye tundu la ethi (waya wa ardhi) la soketi ukutani. Ethi ndiyo ethi, mkanda wa nini?

Mzee wa Mita

USIFANYE HIVYO. Na yeyote anayesoma uzi huu asifanye hivyo.

Kwanza, umejifunga kwenye soketi ya ukutani kwa waya mtupu. Kama aliyefunga nyaya za nyumba alikosea, tundu la ethi linaweza kuwa na umeme hai, nawe umeufunga kifundoni huwezi hata kuuachia. Pili, hata kama ethi ni nzima, siku mkono wako wa pili ukigusa waya wenye umeme, umeupa njia nyeupe ya kupita kifuani.

Mkanda halisi una rezista ya megaomu 1 ndani yake, mara nyingi kwenye kifungo cha mkononi. Hiyo si ya urembo. Kwa volti 230 inaruhusu kama miliampea 0.23 tu, kiasi ambacho wengi hata hawakihisi. Chaji tuli yenyewe haisumbuliwi na megaomu, inaisha kabla hujapepesa jicho. Ukitaka kujua mkanda wako ni mzima, weka multimita kati ya kile kibati kinachogusa ngozi na klipu: isome karibu na megaomu 1. Ikisoma sifuri, utupe. Isiposoma kitu, waya umekatika, utupe pia.

Na hata mkanda halali haukuruhusu kufungua pawa saplai. Hiyo inabaki na chaji ndani hata baada ya kuchomolewa. Isifunguliwe, kwisha.

Nusu Volti

Nimekoma mzee. Sasa swali langu la kweli: nyumba ninayoishi soketi zina matundu matatu lakini la ethi ni pambo, nyuma hakuna waya. Nikigusa kesi ya kompyuta ikiwa imechomekwa nasikia kama kuwashwawashwa vidoleni. Nimesoma mahali kwamba niache pawa saplai ikiwa imechomekwa, swichi ikiwa imezimwa, ili kesi iwe na ethi. Kwangu inakuwaje?

Mzee wa Mita

Hapa ndipo penye kiini cha uzi mzima, someni taratibu.

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, zinazounganisha nyaya zote mbili za umeme na kesi. Ethi ikiwepo, kidogo kinachopita kinakwenda ardhini na husikii kitu. Ethi isipokuwepo, kesi inaelea katikati: kama umeme wenu ni volti 230, inaweza kukaa karibu na nusu yake. Mkondo ni mdogo, ndiyo maana unawashwa tu. Lakini ukiunga kompyuta ikiwa imechomekwa hivyo, unabadilisha tatizo dogo la zulia kwa tatizo la kudumu la umeme wa ukutani. Kwako wewe: chomoa kabisa.

"Sasa ethi nitaitoa wapi?" Huihitaji. Watu wamelishika neno ardhi mpaka wakasahau kazi yake. Cheche inaruka pale vitu viwili vyenye volti tofauti vinapokutana. Mimi nikiwa na volti 5,000 na mazabodi ina volti 5,000, tukigusana hakuna kinachotokea. Ndege anakaa juu ya waya mkubwa wa umeme na haanguki, mbona hamuulizi ethi yake iko wapi? Unachotakiwa ni wewe, kesi, bodi na kifaa kilicho mkononi muwe sawa kabla hamjagusana kwenye sehemu laini. Mkanda umebanwa kwenye chuma cha kesi iliyochomolewa unakupa usawa huo, ndani ya nyumba isiyo na ethi hata kidogo. Ethi nzima ikiwepo ni nyongeza nzuri, kwa sababu inakusawazisha na ulimwengu uliobaki.

Mazoea yangu ni haya. Kifaa kikiwa bado ndani ya mfuko wake, nashika mfuko kwa mkono mmoja na chuma cha kesi kwa mwingine, natulia sekunde moja mbili, ndipo nakitoa. Nakishika pembeni, vidole mbali na meno ya dhahabu. Nikiinuka kwenda kuchukua kitu, nikirudi nagusa chuma tena kabla ya chochote, maana kuinuka kitini kwenyewe kunazalisha chaji.

Kipepeo77

Hilo la ndege limeniingia. Naomba radhi kwa fundi wa kwanza, nusu radhi.

Dada Bisibisi

Niongezee kuhusu mifuko, kwa sababu naona watu wanaichanganya. Ule wa rangi ya fedha una utando wa chuma, unazuia cheche ya nje isifike ndani, mradi umefungwa na hauna matundu. Ule wa pinki hauzuii kitu, kazi yake ni kutozalisha chaji wenyewe, basi. RAM uliyoitoa kwenye wa fedha usiirudishe kwenye wa pinki ukaisafirisha.

Na ile tabia ya kuweka mazabodi JUU ya mfuko halafu kuiwasha kwa majaribio, acheni. Ulinzi uko ndani ya mfuko, na kuna mifuko ambayo nje yake inapitisha umeme kiasi. Boksi la karatasi gumu lililokuja na mazabodi linatosha kabisa. Ila msiweke juu ya lile povu jeupe la kufungia mizigo, wala plastiki yenye mapovu ya hewa. Hizo ni viwanda vya chaji, na ukizigusa kwa chuma haziishiwi kwa sababu hazipitishi umeme. Mkanda wako wa mkono hauzisaidii. Dawa ni kuziweka mbali.

Hata kubandua ile karatasi laini ya kioo cha pembeni cha kesi, fanya kabla hujaweka vifaa ndani. Inatoa chaji mpaka nywele za mkono zinasimama.

Fungua Kesi

Vipi kupuliza vumbi kwa mashine ya kufagilia nyumba? Ya nyumbani ipo na ina nguvu.

Dada Bisibisi

Hapana. Vumbi likipita kwenye ule mdomo wa plastiki linauchaji, nawe unausogeza sentimita mbili kutoka kwenye bodi. Tumia hewa ya kopo au kipulizi cha mkono, na ushike feni isizunguke, ikizungushwa kwa kasi inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi.

Kipepeo77

Nguo je? Mleta uzi na sweta lake la nailoni 😂

Mzee wa Mita

Pamba ni nafuu kuliko nailoni, poliesta au sufu. Zulia likunje, kaa kwenye meza ya mbao. Viatu vya raba vinakutenga na sakafu, na sakafu ya saruji isiyo na vigae ukiikanyaga peku huwa inakumwaga chaji taratibu. Ila haya yote ni ya kupunguza tu, kugusa chuma ndiyo kazi.

Jambo jingine ambalo lisiposemwa uzi huu utapotosha watu. Vifaa vilivyoletwa kwangu vimekufa baada ya kuungwa nyumbani, vingi havikuuawa na umeme tuli. Waliotumia nyaya za pawa saplai nyingine kwa sababu plagi iliingia, kumbe upande wa pawa saplai mpangilio wa pini haufanani, wakachoma SSD (diski za chipu) na diski zote kwa pigo moja. Waliosahau zile nati ndefu za kuinulia bodi, ikakaa juu ya bati. Walioangusha prosesa juu ya soketi pini zikalala. Waliochomeka kadi mashine ikiwa na umeme. Bisibisi iliyoteleza. Mtu amevaa mkanda wa gharama halafu anabadilisha RAM taa ya bodi inawaka!

Skrubu Tatu

Wakuu nimerudi na majibu. Samahani kwa kuchelewa.

Nimepima kama mzee alivyoagiza. Kijiti A kwenye sloti ya pili: usiku mzima, kosa hakuna. Kijiti B kwenye sloti ileile: kosa hakuna. Kijiti A kwenye sloti ya nne: haisomi kabisa. Kijiti B sloti ya nne: inasoma, baada ya dakika kumi makosa mengi, kisha inazima.

RAM ni nzima zote mbili?

Mzee wa Mita

Nzima. Kosa linafuata sloti, halifuati kijiti. Na upande mmoja wote wa kumbukumbu ukipotea na kurudi, mimi naangalia prosesa kwanza, kwa sababu nyaya za RAM zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa kupitia pini za soketi. Chomoa, gusa chuma, fungua feni ya prosesa. Angalia kama kuna pini imelala. Halafu niambie feni uliifunga vipi: kona kwa kona kwa kupokezana, au ulikaza moja mpaka mwisho ndipo ukaenda nyingine?

Skrubu Tatu

Pini ziko wima zote, nimezikagua kwa tochi na kamera ya simu.

Lakini feni... wakuu mnisamehe. Kona tatu zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho. Ya nne nilikuta imeshika uzi mmoja tu, inacheza. Pesti ya kupitisha joto imebaki nene upande huo. Prosesa ilikuwa imebanwa upande mmoja kwa mwezi mzima.

Nimesafisha, nimeweka pesti mpya, nimekaza kwa kupokezana zamu nne. Inasoma GB 16. Nimepima vijiti vyote viwili pamoja saa tisa, kosa sifuri.

Kipepeo77

Mkuu na hilo jina lako unataka nani akuonee huruma? 😂😂😂

Skrubu Tatu

Nimeshamwandikia msimamizi anibadilishie.